Choo Cheusi Hakingoji Mavuno



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja mbele za watu, nalo ni rangi ya choo. Tunawaomba radhi wale wanaosoma wakiwa mezani. Lakini haya hiyo imeua watu, na sisi tumeona ni afadhali kusema wazi kuliko kuendelea kuzika kimya kimya.

Choo cheusi chenye kung'aa, kinachonata kama lami na chenye harufu kali isiyo ya kawaida, ni damu. Ni damu iliyotoka tumboni, ikapita katika utumbo na kubadilika rangi njiani. Mtu anayepata choo cha namna hiyo anavuja damu ndani ya mwili wake, hata kama hasikii maumivu yoyote. Mara nyingi chanzo chake ni vidonda vya tumbo.

Sisi wa bonde la Kilombero tunayajua maisha ya shamba. Mvua zinapokaribia, familia nyingi hufunga nyumba zao, hubeba sufuria, mbegu na vyandarua, na kuhamia kwenye vibanda vya shambani mpaka mpunga uvunwe. Hebu tuchukue mfano wa baba mmoja wa familia aliyeko huko. Siku nzima ameinama akipalilia. Jioni mgongo unamuuma hata kunyooka hawezi. Ana vidonge vya diklofenaki alivyonunua dukani. Anameza kimoja alfajiri kabla ya kutia kitu tumboni, na kingine usiku. Sasa ni wiki ya tatu. Siku moja anashikwa na kizunguzungu, jasho jembamba linamtoka, na akienda chooni anaona weusi.

"Baba, twende Ifakara," mkewe anamwambia.

"Twende tumwachie nani shamba, mama? Ndege watamaliza mpunga. Tumbo limechafuka tu. Tukishavuna nitakwenda."

Siku ya tatu anatapika damu. Majirani wanaanza kunong'ona kwamba amelishwa kitu kilabuni, na jina la mtu linatajwa. Siku nyingine mbili zinapotea katika kumtafuta mganga wa kumtoa sumu. Anapopakiwa kwenye pikipiki, midomo imekwisha kuwa myeupe na mikono ni ya baridi. Hafiki.

Huyu si mtu fulani tunayemjua kwa jina. Ni mfano tu. Hata hivyo tunaamini wapo wasomaji watakaosema, "Huyu ni baba mdogo," au "Huyu ni shemeji yangu." Na baada ya maziko hubaki uadui na yule jirani aliyetajwa kwamba ndiye aliyemlisha sumu, wakati mwuaji alikuwa kidonda kidogo, pengine kisichozidi ukubwa wa ukucha wa kidole.

Maoni yetu ni haya: siku hizi kidonda kinachovuja damu kinaweza kuzibwa bila kupasua tumbo, kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Ni tiba nzuri, na watu wa bonde hili wanastahili kuipata kama watu wa mijini. Lakini mpira haumfuati mgonjwa kibandani. Kati ya kibanda na mpira kuna njia ndefu, na sehemu kubwa ya njia hiyo iko mikononi mwetu sisi wenyewe, katika familia na jumuiya zetu.

KIDONDA HUTOKA WAPI?

Zamani watu waliamini, na madaktari pia, kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo mengi, pilipili na vyakula vikali. Ndiyo maana hadi leo mgonjwa hukatazwa maharage nyumbani kwake kana kwamba maharage ndiyo adui.

Mwaka 1982, katika mji wa Perth huko Australia, madaktari wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walifanikiwa kumwotesha maabara bakteria anayeishi katika tumbo la binadamu. Bakteria huyo huitwa Helikobakta pailori. Wenzao wengi hawakuwaamini, kwa maana ilidhaniwa kwamba hakuna kiumbe kinachoweza kuishi katika tindikali ya tumbo. Mwaka 1984 Marshall aliamua kunywa bakteria hao yeye mwenyewe. Baada ya siku chache aliugua, na kipimo kikaonyesha kuta za tumbo lake zimevimba. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Bakteria huyu si mgeni kwetu. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, wagonjwa 208 wenye maumivu ya tumbo la juu walipimwa kwa mpira, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014. Takriban wawili katika kila watatu walikuwa naye. Wengi humpata wakiwa watoto, kwa njia ya mdomo, kutokana na mikono au maji yasiyo safi. Wengi huishi naye maisha yote bila kuugua, lakini kwa baadhi hudhoofisha utando wa tumbo mpaka kidonda kinatokea.

Chanzo cha pili ni dawa za kutuliza maumivu. Tunazungumzia diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, indomethasini na ndugu zake. Dawa hizi hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini. Lakini kemikali hiyo hiyo ndiyo inayosaidia tumbo kutengeneza ute wa kujikinga na tindikali yake lenyewe. Mtu akizimeza siku nyingi, ukuta wa tumbo hubaki bila kinga. Dawa hizi huweza pia kuficha maumivu ya kidonda, hata dalili ya kwanza ikawa damu. Wala kuchoma sindano badala ya kumeza si kinga, kwa sababu dawa hulifikia tumbo kupitia damu.

Hapa ndipo tunapowaonea huruma wakulima wa mpunga, wakata miwa wa Kidatu na akina mama wanaobeba mizigo kichwani. Kazi yao inaumiza kweli, na vidonge hivi ni rahisi kupatikana. Kwa maumivu ya kawaida, paracetamol kwa kipimo kinachofaa haichubui tumbo. Anayelazimika kutumia diklofenaki au ibuprofeni amwone mganga, atumie siku chache, ameze baada ya chakula, na aulize kama anahitaji dawa ya kulinda tumbo. Na vile vidonge visivyo na jina, vinavyofungwa kwenye karatasi na kuuzwa mnadani kuwa "dawa ya mgongo", tusivimeze kabisa. Sigara na pombe kali kama gongo huongeza hatari. Lakini aliyepewa aspirini na daktari kwa ajili ya moyo asiiache kwa kusoma ukurasa huu. Amwulize daktari wake kwanza.

Kidonda huanza juu juu. Kikiachwa huchimba, na kikifika kwenye mshipa wa damu hula ukuta wake. Hapo ndipo damu huanza kuvuja, pengine kwa matone, pengine kwa kuruka kama maji kwenye bomba lililotoboka.

MPIRA UNAFANYA NINI?

Kwa miaka mingi njia ya kuzuia damu iliyokataa kusimama ilikuwa kupasua tumbo na kushona mshipa. Mwaka 1957 daktari Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitumia nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga hata zikipindwa. Kwa nyuzi hizo alitengeneza mpira unaojikunja wa kutazamia tumboni. Mtu wa kwanza kuumeza alikuwa yeye mwenyewe. Siku hizi mipira ina kamera ndogo kwenye ncha, na picha huonekana kwenye televisheni. Kitaalamu kipimo hiki huitwa endoskopi.

Mgonjwa anayevuja damu hakimbizwi moja kwa moja kwenye mpira. Kwanza hutiwa maji kwenye mshipa, hupimwa damu na kuongezewa ikihitajika, na hupewa dawa ya kupunguza tindikali kama omeprazoli. Akishapata nguvu, mpira hupitishwa, na inavyoshauriwa ni ndani ya saa 24. Hulala kwa ubavu wa kushoto. Koo hupuliziwa dawa ya ganzi, na mara nyingi huchomwa sindano ya kumtuliza. Kidude cha plastiki huwekwa kati ya meno. Mpira wenyewe ni mwembamba kama kidole. Hupita kooni, hushuka tumboni na kuingia mwanzo wa utumbo mwembamba, mahali ambapo vidonda vingi hukaa.

Daktari akikiona kidonda hukisoma. Kama sehemu yake ya chini ni safi, hakiguswi. Dawa zinatosha. Kama mshipa unaonekana wazi au damu inaruka, hapo hutibu papo hapo. Kupitia tundu lililo ndani ya mpira hupitisha sindano ndefu na kuchoma dawa ya adrenalini iliyoongezwa maji kuzunguka kidonda, ili mshipa ubanwe. Lakini adrenalini peke yake nguvu yake huisha, na damu inaweza kurudi. Kwa hiyo huongeza njia ya pili: ama huubana mshipa kwa kibanio kidogo cha chuma, ama huuchoma kwa joto mpaka uzibe. Mgonjwa hashonwi mahali popote, wala habaki na kovu tumboni.

Faida nyingine ya mpira ni kujua ukweli. Si kila anayetapika damu ana kidonda. Huko Kanda ya Ziwa, kwa mfano, kichocho cha tumbo huharibu ini, na mishipa ya koo la chakula huvimba na kupasuka. Mishipa hiyo nayo hufungwa kwa vipete vya mpira kupitia chombo hiki hiki. Na kansa ya tumbo au ya koo huonekana mapema zaidi kuliko kwa kukisia.

"IMESHASIMAMA YENYEWE"

Tungependa wasomaji waelewe jambo moja linalowadanganya watu wengi. Katika wagonjwa 10 wanaovuja damu kutokana na vidonda, takriban 8 damu yao husimama yenyewe. Ndiyo sababu maji ya kabichi yana mashahidi, maziwa yana mashahidi, na mganga wa kutoa sumu naye ana mashahidi. Mtu alikunywa, damu ikasimama, akasifu alichokunywa. Wale wawili ambao haikusimama hawapo kutoa ushuhuda.

Tena, kusimama si kupona. Damu iliyoganda juu ya mshipa ni kifuniko chepesi, na tindikali ya tumbo hukiyeyusha. Siku tatu za kwanza ndizo za hatari kubwa ya damu kurudi. Ndiyo maana madaktari humzuia mgonjwa wodini hata anaposema, "Mimi ni mzima, niruhusuni nikaangalie mpunga wangu."

Kuchelewa huku si kwa bonde letu tu. Mwaka 2011 madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha habari za wagonjwa 84 waliofanyiwa upasuaji kwa sababu vidonda vyao vilikuwa vimetoboa tumbo kabisa, ambayo ni hatari nyingine ya ugonjwa huu. Karibu 7 katika kila 10 hawakuwa wamewahi kutibiwa vidonda kabla ya hapo. Tisa walifariki. Tusifikiri pia kwamba ni maskini peke yao wanaokufa. Huko Uingereza, ukaguzi wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika kila wagonjwa 10 waliolazwa au kuvuja damu ya tumbo la juu wakiwa hospitalini, mmoja alifariki. Kama ni hivyo kwenye hospitali zenye kila kitu, sisi tunapata wapi ujasiri wa kungoja siku tano kibandani?

HOFU YA MPIRA

Tumesikia watu wakisema, "Ukiona mtu amemezeshwa mpira, ujue amekwisha." Hofu hii tunaielewa. Wengi hupelekwa kwenye mpira wakiwa wamechelewa sana, na anapofariki lawama huangukia kile kilichotumika mwisho. Ni sawa na kulaumu kanisa kwa sababu majeneza hupitia humo.

Wengine huogopa kwamba watashindwa kupumua. Mpira haupiti njia ya hewa. Unapita njia ya chakula, na mgonjwa huendelea kupumua kwa pua. Kichefuchefu kipo, na koo huweza kuwasha kwa siku moja au mbili. Madhara makubwa, kama kutoboa tumbo, hutokea mara chache sana, na daktari anapaswa kumweleza mgonjwa kabla. Tunasema "anapaswa", kwa maana mgonjwa ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili anachokielewa, na kuuliza maswali bila kukaripiwa.

Kuna pia wanaodhani vidonda havina dawa, ni ugonjwa wa kuishi nao. Si kweli. Aliyekutwa na bakteria hupewa omeprazoli pamoja na dawa mbili za kuua vijidudu, kwa siku 14 kwa kawaida, na asikatishe hata akijisikia nafuu siku ya nne. Bakteria akishaondoka, uwezekano wa kidonda kurudi na kuvuja tena hupungua sana. Tahadhari moja: kile kipimo cha haraka cha damu ya kidole hakitofautishi bakteria aliyepo leo na yule aliyekuwepo zamani. Kipimo cha choo ni bora zaidi, na ndicho kifaacho kurudiwa walau wiki nne baada ya kumaliza dawa. Tunawaona watu wanaotibiwa mara tano kwa mwaka kwa kipimo cha kidole. Huko ni kupoteza fedha na kuwazoesha vijidudu dawa.

JE, SI ANASA KWETU?

Wapo wanaouliza: bonde lenye malaria, lenye akina mama wanaokufa katika uzazi, litafute mpira wenye kamera? Swali hili ni la haki, nasi hatulikwepi.

Jibu letu la kwanza ni kwamba kidonda kinachovuja huwapata watu wenye familia nyuma yao: baba anayelima, mama anayeuza mchele, bibi anayelea wajukuu kwa kumeza vidonge vya magoti. Kutoka Ifakara hadi Morogoro mjini ni zaidi ya kilometa 200, na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 400. Damu inayoruka haingoji safari ya namna hiyo. Tiba hii inatakiwa iwe karibu na watu.

Jibu la pili ni la kutahadharisha. Mpira bila mtu ni pambo. Chombo hiki kinataka daktari aliyefundishwa na anayekitumia mara kwa mara, kwa sababu mkono usiofanya kazi hiyo husahau. Kinataka wauguzi wanaojua kukisafisha kwa dawa kali baada ya kila mgonjwa, maana kisiposafishwa kinaweza kubeba maradhi ya mmoja na kumpa mwingine. Kinataka umeme wa kutegemewa, sindano, vibanio na fundi. Tumewahi kuona mashine za msaada zikipokelewa kwa ngoma na picha, halafu zikalala stoo kwa sababu ya kifaa kimoja kidogo kilichokosekana. Kwa hiyo tunawaomba wafadhili, viongozi wetu na Serikali: msituletee chombo peke yake. Anayetoa mpira atoe na mafunzo ya watu wawili au watatu, na matengenezo ya miaka mitano. Hospitali yoyote inayohudumia bonde hili, ikiwa ni pamoja na Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko ambayo wazazi wetu waliitegemea na watoto wetu wanazaliwa humo, inahitaji msaada wa namna hiyo, wa kudumu.

Jibu la tatu ni kwamba mambo yanayotangulia mpira ni ya bei nafuu, na yanawasaidia hata wale mama wa uzazi tuliowataja. La kwanza kati ya hayo ni damu.

DAMU KWANZA

Mtu mzima ana kama lita 5 za damu. Akipoteza lita mbili maisha yake yamo hatarini, na hakuna daktari atakayemmezesha mpira kabla ya kumwongezea. Damu haitengenezwi kiwandani. Inatoka kwa mtu mwingine tu.

Nchini mwetu Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004, lakini bado katika hospitali nyingi ndugu huombwa kujitolea damu ya kurudishia. Ndipo hutokea vioja: ndugu kumi wamekuja kumwona mgonjwa, ikitajwa damu wanabaki wawili. Tunawasihi wasomaji wetu tusingoje mpaka awe ndugu yetu. Mwenye umri kati ya miaka 18 na 65, mwenye afya njema na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kutoa. Mwanaume hutoa kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne. Chupa moja haifiki nusu lita, na mwili hurudisha. Jumuiya moja ikipanga watu wake wanne kila robo mwaka, parokia nzima itakuwa imejaza rafu ya damu kabla ya msimu wa kilimo.

TUFANYE NINI MAJUMBANI?

Kwanza, tuitambue dalili. Choo cheusi kama lami, kutapika damu au matapishi meusi kama masalia ya kahawa, kuzirai unapoinuka, mapigo ya moyo kwenda mbio, jasho la baridi: safari ianze saa ileile, hata kama ni usiku. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini hakinati wala kung'aa wala kunuka vile. Ukiwa na shaka, nenda.

Pili, tusimpe mgonjwa maziwa, soda, chakula wala kidonge cha maumivu. Alazwe kwa ubavu ili akitapika asipaliwe, afunikwe, na asiachwe aende chooni peke yake, kwani wengi huanguka huko. Kwenye pikipiki asikae nyuma peke yake. Likipatikana gari ni bora zaidi.

Tatu, apitishwe kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho njiani, atiwe maji ya mshipa na kuandikiwa rufaa. Mwulize mganga wa hapo ni hospitali gani ambayo leo ina damu, na ipi ina mpira na mtu wa kuutumia. Apige simu. Beba pakiti za dawa zote alizokuwa akimeza, na nenda na ndugu wawili walio tayari kutoa damu. Hata kama mpira haupo, dawa ya tindikali, maji, damu na uangalizi huokoa wengi, na daktari wa upasuaji bado yupo kwa wale walioshindikana.

Nne, jumuiya ziwe na mfuko mdogo wa safari ya dharura, hasa kwa wale wanaohamia shambani, na kila kundi la vibanda lijue ni nani mwenye simu na nani mwenye pikipiki. Familia zijiunge na bima ya afya zikiwa na fedha za mavuno mkononi, zisingoje mpaka mtu augue. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, lakini sheria haimpandishi mtu garini.

Tano, tuache kutaja majina ya wachawi na watia sumu. Anayesema "amelishwa" anaua mara mbili: anamchelewesha mgonjwa, na anaivunja jumuiya.

Labda mtasema haya ni mengi. Lakini bonde hili limewahi kujifunza mambo makubwa. Katika miaka ya 1990 chandarua chenye dawa kilikuwa kitu kigeni hapa. Mradi wa KINET ulipoanza kuuza vyandarua vya Zuia Mbu mwaka 1997, walikuwepo waliocheka. Leo mtu akihamia shambani bila chandarua majirani humshangaa. Na kabla ya Daraja la Magufuli kuzinduliwa mwaka 2018, mgonjwa wa Lupiro au Mahenge aliufikia mto Kilombero na kungoja kivuko, akiomba maji yasiwe yamejaa. Leo anavuka kwa dakika chache. Mto si kisingizio tena. Kilichobaki ni ule muda unaopotea kabla ya kuondoka kibandani.

Basi tunawaomba akina mama mliosoma ukurasa huu muusome tena kwa sauti jioni, waume zenu na vijana wakiwepo. Na nyinyi akina baba, mkiulizwa na wake zenu juu ya rangi ya choo, msione mmevunjiwa heshima. Jibuni ukweli. Mpunga ukiliwa na ndege, mwakani utapandwa tena.